Vavilov: Mkusanya mbegu za dunia aliyekufa kwa njaa

UKITOKA Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, kabla hujafika Oldonyo Sambu unapita Ngaramtoni. Hapo ndipo kilipo kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, ambamo mbegu za mazao ya Tanzania hukaushwa, hufungwa na kuwekwa kwenye baridi kali ili zisipotee. Wakulima na wafanyabiashara wengi hupita hapo kila siku ya soko wakiwa na magunia ya maharage, ngwara, viazi na karoti, bila kufahamu kwamba wazo la kuwa na ghala la aina hiyo lina historia ndefu, na kwamba yupo mtu aliyelipia wazo hilo kwa maisha yake.

Mtu huyo ni Nikolai Ivanovich Vavilov, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi. Katika maisha yake alitembelea mabara matano akikusanya mbegu, akafika hadi Ethiopia, na kujenga hazina ya mbegu iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa wakati huo. Lengo lake lilikuwa moja: kuiondoa njaa katika nchi yake, ambayo ina majira ya baridi yanayoua mazao. Hata hivyo, mwaka 1943 alikufa gerezani kwa kukosa chakula.

Kwa mkulima wa miteremko ya Mlima Meru, ambaye kila mwaka hupiga hesabu ya kupanda mapema ili baridi ya Juni na Julai isimkute maharage yakiwa machanga, maisha ya Vavilov yana mengi ya kufundisha.

Mtoto wa mfanyabiashara

Vavilov alizaliwa Moscow Novemba 25, mwaka 1887. Baba yake, Ivan, alitoka katika ukoo wa wakulima maskini wa kijijini, akaenda mjini na kufanikiwa katika biashara ya nguo. Mdogo wake, Sergey, alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa fizikia na baadaye rais wa Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti.

Urusi ya utoto wake ilikuwa nchi ya njaa za mara kwa mara. Mwaka 1891 na 1892, Nikolai akiwa mtoto wa miaka minne hivi, njaa kubwa iliua watu wengi katika mikoa ya mto Volga. Baba alitaka mwanawe ashike biashara, lakini kijana alichagua kilimo. Alijiunga na chuo cha kilimo cha Petrovskaya jijini Moscow, na kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu makoa, yaani konokono wasio na nyumba, waliokuwa wakila mazao machanga katika mashamba ya mkoa wa Moscow. Hivyo basi, mtaalamu huyu hakuanzia kwenye mambo makubwa ya vitabuni. Alianza na mdudu anayemsumbua mkulima shambani.

Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, mmoja wa waliokuwa mbele katika elimu mpya ya urithi wa viumbe. Huko alijifunza jinsi sifa za mmea, kama vile kustahimili ugonjwa wa kutu, zinavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa uzao. Kutokana na elimu hiyo alipata wazo ambalo hakuliacha tena. Kama sifa nzuri zimefichwa katika mbegu za wakulima wa sehemu mbalimbali za dunia, basi kazi ya kwanza ni kwenda kuzitafuta kabla hazijapotea.

Mkate wa sumu, na somo la mlimani

Safari yake kubwa ya kwanza ilitokea kwa bahati. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Urusi waliokuwa Uajemi, nchi ambayo leo ni Iran, walikuwa wakiugua baada ya kula mkate. Vavilov alitumwa kuchunguza. Alikuta kwamba ngano ilichanganyika na mbegu za gugu lenye sumu, na kwamba nafaka yenyewe ilikuwa na ukungu. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapo, kwani mwaka 1916 haukuwa wa mbali kiasi hicho kwa maafa: mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ilipoteza maisha ya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Baada ya kazi hiyo aliendelea hadi milima ya Pamir, na huko aliona jambo lililomfanya ajulikane. Nyanda za chini wakulima walilima ngano, na ndani ya ngano lilikuwamo gugu walilolichukia, nafaka iitwayo rai, ndugu wa ngano. Kadiri alivyopanda mlima, ndivyo rai ilivyozidi kuwa nyingi shambani. Alipofika juu zaidi, ambako baridi ni kali, ngano ilikuwa imetoweka na wakulima walivuna rai tupu. Kwa maneno mengine, gugu lilikuwa limegeuka zao, kwa kuwa liliweza kuvumilia baridi ambayo ngano iliishindwa. Mwaka 1924 alisafiri Afghanistan na kuyaona mambo hayo tena.

Anayelima Oldonyo Sambu anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kusikia jina la rai. Ukipanda kuelekea msituni, viazi, njegere na karoti hukubali zaidi. Ukiteremka kuelekea Longido, mvua hupungua na mifugo huchukua nafasi ya jembe. Mlima ndio unaochagua zao, na mkulima mwerevu hutazama mlima unamwambia nini kabla ya kununua mbegu.

Mwaka 1917 Vavilov alikuwa mwalimu wa chuo mjini Saratov, kando ya mto Volga. Mwaka 1920 alitoa nadharia yake iliyosifiwa sana, inayoonyesha kwamba mimea ya ukoo mmoja huwa na sifa zinazofanana, kiasi kwamba mtaalamu akiona sifa fulani kwa ndugu mmoja anaweza kuitafuta kwa ndugu mwingine. Mwaka 1921 alihamia Petrograd, jiji ambalo baadaye liliitwa Leningrad na leo ni St. Petersburg, kuongoza idara ya mimea ya kilimo. Mwaka huohuo njaa nyingine iliikumba Volga na kuua watu mamilioni. Wakulima walikuwa wamekula hadi mbegu. Vavilov alikwenda Marekani kutafuta mbegu na kujifunza, akarudi na shehena.

Ethiopia na maharage ya baridi

Mwishoni mwa mwaka 1926, Vavilov alishuka bandari ya Djibouti na kuingia Ethiopia, iliyokuwa ikiitwa Abisinia. Addis Ababa alikutana na Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, na akapata kibali cha kusafiri. Kwa msafara wa nyumbu na wapagazi alipita nyanda za juu, Ankober, Gondar na Aksum, hadi Asmara, ambako safari iliishia mwaka 1927.

Alichokiona kilimshangaza. Katika nchi moja alikuta aina za ngano na shayiri nyingi kuliko alizowahi kuziona katika nchi kubwa. Karibu na Ankober aliona ngano ngumu isiyo na ndevu, kitu ambacho wataalamu wa Ulaya walikuwa wakihangaika kukipata. Mashamba ya wakulima yalikuwa na mchanganyiko, aina mbalimbali za nafaka moja zikiwa bega kwa bega. Mkulima wa Ethiopia alifanya hivyo kwa makusudi: mvua ikichelewa au baridi ikizidi, aina moja ikishindwa, nyingine itaokoa chakula cha nyumba.

Miongoni mwa mazao aliyoyakuta ni maharage mapana, yale ambayo Waethiopia huyaita bakela na Wamisri huyaita ful. Haya si ndugu wa karibu wa maharage yetu ya kawaida. Ni zao la kale la Mashariki ya Kati na nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na sifa yake kubwa ni kupenda baridi. Vavilov aligundua kwamba ukitoka Asia kuelekea Mediterania, punje zake huongezeka ukubwa. Za Afghanistan ni ndogo, na za nchi za Mediterania ni kubwa na bapa. Hadi leo Ethiopia ni ya pili duniani kwa kuzalisha zao hilo, nyuma ya China. Wakulima wake hulipanda Juni na Julai mvua kubwa zinapoanza, mara nyingi mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 3,000, na kuvuna mvua zikiisha.

Ulaya, wakulima wengi hupanda maharage mapana Oktoba au Novemba, kabla ya baridi kali. Mche huota, hufikia kimo cha kiganja, kisha husimama hapo miezi ya baridi. Mkulima hupandishia udongo shinani, hutandaza majani makavu, na usiku wa sakitu, yaani umande unaoganda, hufunika matuta kwa kitambaa. Joto likirudi mche huo huwa tayari una mizizi mirefu, hukua haraka na kuzaa kabla ya vidukari weusi hawajawa wengi. Atakayepanda baada ya baridi huvuna kwa kuchelewa, na vidukari humkuta na ncha laini.

Kwa nini maharage yetu huogopa baridi

Mwaka 1930 Vavilov alikuwa Mexico na Amerika ya Kati, na mwaka 1932 aliendelea hadi Amerika ya Kusini. Safari hizo zilimthibitishia kwamba mahindi na maharage ya kawaida asili yake ni huko. Katika milima ya Andes alikuta viazi vya aina nyingi, baadhi vikistahimili sakitu ambayo ingeangamiza viazi vya Ulaya kwa usiku mmoja.

Hapa ndipo mkulima wa Oldonyo Sambu anapopata jibu la swali la kila mwaka. Chakula chake cha makande kimetoka upande wa pili wa dunia, kwa kuwa mahindi na maharage yaliletwa Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri katika bahari hizi. Maharage haya ni mtoto wa nchi ya joto la kadiri. Udongo ukiwa chini ya nyuzi joto 10 za sentigredi, mbegu hukaa bila kuota na mara nyingi huoza, na sakitu ikianguka mche hufa. Maharage mapana huvumilia hali hiyo. Majina yanafanana, tabia hazifanani.

Hazina ya mbegu ya Leningrad iliendelea kukua. Kufikia mwaka 1940 ilikuwa na sampuli takriban 250,000. Vavilov hakuziweka tu kabatini. Aliamuru aina zilezile zipandwe katika vituo vingi vya nchi, kuanzia kaskazini kabisa kwenye theluji hadi kusini kwenye joto, ili ijulikane ni ipi inafaa wapi. Alilala saa chache kwa siku, alizungumza lugha nyingi, na aliwahimiza wenzake waharakishe kwa kuwa maisha ni mafupi na kazi ni kubwa.

Ahadi za haraka

Wakati Vavilov akiwa safarini, kijana mmoja aitwaye Trofim Lysenko alikuwa akifanya kazi katika kituo cha kilimo cha Ganja, nchini Azerbaijan. Kazi aliyopewa mwaka 1925 ilihusu mazao ya jamii ya kunde: je, yanaweza kupandwa kabla ya baridi, yakavumilia majira hayo na kuwapa mifugo malisho ya kijani, huku yakirutubisha mashamba ya pamba? Lysenko alipanda njegere, na majira hayo ya baridi hayakuwa makali. Njegere zikapona. Mwaka 1927 gazeti la Pravda lilimsifu kama mtaalamu aliyetoka kwa wakulima na aliyetatua tatizo bila vitabu vingi.

Swali lenyewe lilikuwa zuri na lina faida kwa mkulima yeyote. Tatizo lilikuwa katika jibu. Msimu mmoja wenye baridi ndogo hauwezi kuthibitisha kwamba zao litapona msimu ujao. Lakini Lysenko hakuwa mtu wa kusubiri. Mwaka 1929 alikuja na njia ya kulowesha mbegu za ngano na kuziweka kwenye baridi kabla ya kupanda, akidai mavuno yataongezeka sana. Mbegu kupitishwa kwenye baridi ili ziwahi kuzaa ni jambo lenye ukweli, na lilijulikana kabla yake. Lakini madai ya mavuno makubwa hayakupimwa kwa majaribio sahihi. Fomu zilitumwa kwa viongozi wa mashamba ya ushirika, nao wakajaza walichoona kitawafurahisha wakubwa.

Kosa la Vavilov mwenyewe ni kwamba mwanzoni alimsaidia Lysenko. Alimwona kijana mwenye bidii na akamsifu mbele ya wataalamu wenzake. Wakati huo nchi ilikuwa katika shida. Serikali ya Stalin ilikuwa imewalazimisha wakulima kuingia mashamba ya ushirika, na mwaka 1932 na 1933 njaa iliua mamilioni, hasa Ukraine. Watawala walitaka mbegu mpya mara moja. Vavilov aliwaeleza kwamba kupata aina mpya iliyo imara huchukua miaka kumi au zaidi. Lysenko aliahidi miaka miwili au mitatu. Si vigumu kujua nani alisikilizwa.

Mwaka 1935 Vavilov aliondolewa urais wa Chuo cha Sayansi za Kilimo, nafasi aliyokuwa nayo tangu mwaka 1929, na mwaka 1938 Lysenko alikalia kiti hicho. Lysenko alikana elimu ya urithi wa viumbe, akaiita ya mabepari. Wataalamu wengi waliompinga walifukuzwa kazi, wengine walikamatwa. Vavilov, ambaye angeweza kunyamaza, aliendelea kusema hadharani kwamba ukweli wa shambani haubadilishwi kwa amri.

Kukamatwa

Agosti 6, mwaka 1940, Vavilov alikuwa karibu na mji wa Chernivtsi, Ukraine, akikusanya mbegu katika vilima vya Carpathian. Maofisa walifika kwa gari na kuondoka naye. Alishtakiwa kwa kuhujumu kilimo na kuwa jasusi. Alihojiwa kwa miezi 11, na Julai 9, mwaka 1941 alihukumiwa kifo.

Oktoba mwaka huo, majeshi ya Ujerumani yakikaribia Moscow, alihamishiwa gereza la Saratov, mji uleule alikokuwa mwalimu ujanani. Mwaka 1942 adhabu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Mwaka huohuo wanasayansi wa Uingereza walimchagua kuwa mwanachama wa kigeni wa jumuiya yao kuu, Royal Society, naye akiwa katika chumba kisicho na dirisha. Akiwa kifungoni aliwafundisha wafungwa wenzake historia ya kilimo na habari za mimea.

Mke wake, Elena Barulina, aliyekuwa bingwa wa zao la adesi, alikuwa amehamia Saratov kwa sababu ya vita. Aliishi kwa dhiki mjini humo bila kujua kwamba mumewe yupo katika gereza la mji huohuo. Vifurushi vya chakula alivyojinyima alivituma Moscow. Januari 26, mwaka 1943, Nikolai Vavilov alikufa kwa utapiamlo akiwa na umri wa miaka 55. Alizikwa katika kaburi la pamoja lisilo na alama.

Waliokufa njaa wakilinda chakula

Huko Leningrad mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuanzia Septemba 8, mwaka 1941, jeshi la Ujerumani liliuzingira mji, na mzingiro uliisha kabisa Januari 27, mwaka 1944. Majira ya baridi ya kwanza posho ya mkate kwa watu wengi ilishuka hadi gramu 125 kwa siku. Watu walikula gundi na ngozi.

Ndani ya jengo la taasisi ya Vavilov kulikuwa na tani za mchele, ngano, mahindi, karanga, maharage na njegere. Watumishi waliobaki walikubaliana kutozigusa. Walilinda kwa zamu dhidi ya panya na wezi. Mtaalamu wa karanga, Alexander Shchukin, alikufa akiwa mezani kwake. Mtaalamu wa mpunga, Dmitri Ivanov, alikufa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mchele. Wengine kadhaa walikufa vilevile.

Viazi vilikuwa na shida ya pekee, kwa kuwa kiazi kikiganda kimekufa. Vile vilivyotoka milima ya Andes viling'olewa shambani Pavlovsk, nje ya mji, mizinga ikilia, na kuingizwa katika chumba cha chini cha jengo mjini. Humo, Vadim Lekhnovich na Abraham Kameraz, pamoja na wenzao, walihakikisha joto haliteremki hadi sifuri. Nje baridi ilipita nyuzi 30 chini ya sifuri na kuni hazikuwepo, hivyo walichoma chochote walichokipata. Kiazi kikapona, na baada ya vita mbegu hizo zilitumika kuzalisha aina mpya zilizolishwa mamilioni ya watu.

Wengi wa watumishi hao hawakujua kwamba mkuu wao naye alikuwa akifa njaa. Agosti mwaka 1955, baada ya kifo cha Stalin, mahakama ilifuta hukumu ya Vavilov. Taasisi yake leo inaitwa kwa jina lake. Lysenko alianguka katikati ya miaka ya 1960, baada ya kuirudisha nyuma sayansi ya kilimo ya nchi yake kwa takriban miaka 30. Nchini Ethiopia, ambako Vavilov alipita na nyumbu wake, benki ya mbegu ilianzishwa Addis Ababa mwaka 1976, na ile ya dunia nzima ilifunguliwa Svalbard, Norway, mwaka 2008.

Faida kwa mkulima wa Oldonyo Sambu

La kwanza ni tarehe ya kupanda. Maharage ya kawaida huanza kutoa maua kati ya siku 35 na 45 baada ya kupandwa, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Aliyepanda katikati ya Machi, mvua za masika zikianza, maua yake huja mwishoni mwa Aprili na huvuna kuelekea katikati ya Juni. Aliyepanda mwishoni mwa Aprili maua yake huingia Juni, wakati wa mawingu na ubaridi, ambapo vitumba hujaa polepole na magonjwa kama chule hupata unyevu yanaoutaka. Aidha, maharage yaliyochelewa hushambuliwa zaidi na inzi wa maharage, ambaye funza wake hula shina karibu na ardhi. Kupandishia udongo shinani wakati wa palizi humsaidia mche kutoa mizizi mipya na kupona.

La pili ni kulinda miche. Kwetu theluji haianguki shambani, lakini kitalu cha nyanya, hoho au kabichi cha Juni na Julai kinaweza kudumaa. Inua tuta ili maji yasisimame, chagua mahali panapopata jua la asubuhi, na weka kizuizi cha upepo upande unaotoka baridi. Funika kwa nyasi kavu hadi mbegu ziote, kisha ziondoe. Usiku unaweza kuinamisha fito na kutandika nailoni juu yake, lakini ifunue jua likipanda, vinginevyo miche itaungua au kuoza. Mwagilia asubuhi, si jioni. Na usiingie kwenye maharage yenye umande, kwani nguo na mikono hubeba ugonjwa kutoka shina moja hadi jingine.

La tatu ni kujaribu kabla ya kuamini. Muuzaji akikuletea mbegu au dawa ya ajabu, usimpe shamba zima. Mpe mistari michache kando ya mbegu unayoijua, andika tarehe kwenye daftari, pima mavuno, na urudie msimu wa pili. Msimu mmoja mzuri uliwadanganya watu wa Pravda. Hata aina zilizotolewa na watafiti wa Selian, kama Lyamungu 90, Selian 97 na Jesca, zilipita katika majaribio ya misimu kadhaa kabla ya kufika dukani.

La nne ni mbegu yenyewe. Baridi inayoua mche ndiyo inayotunza mbegu, mradi mbegu imekauka sawasawa. Benki za mbegu duniani hutumia nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyumbani huna jokofu la aina hiyo, lakini unaweza kuchagua mashina yenye afya yakiwa bado shambani, badala ya kuchota kwenye gunia. Kausha hadi jino lisiache alama kwenye punje, changanya na majivu safi, funga katika chombo kisichopitisha hewa na ukiweke mahali penye ubaridi na giza. Kabla ya kupanda, chukua punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, ongeza mbegu shimoni au tafuta nyingine. Kwa anayetaka kufanya biashara ya mbegu, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inamtaka afuate taratibu za taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, na vikundi vya wakulima vinaweza kuanzia kwenye mbegu za kuazimiwa ubora.

La mwisho linahusu zile aina za zamani ambazo bibi zetu walizitunza juu ya dari, ambazo soko halizitaki kwa sababu ya rangi au ukubwa. Mfanyabiashara hutaka gunia lenye rangi moja, na ana haki, kwani ndilo lenye bei. Lakini tenga kipande kidogo cha shamba kwa ajili ya aina hizo, na mpe jirani nusu ya mbegu ili kwako zikipotea ziwepo kwake. Huenda katika punje hizo imo inayostahimili ukame au baridi ya mwaka ambao haujafika. Wataalamu wa Leningrad walikufa njaa wakiwa na chakula mikononi, kwa sababu walijua kwamba anayekula mbegu ya mwisho amekula na mavuno ya wajukuu wake.